Haikuwa Zamu Yangu

Katika mtaa mmoja wa usharika ninaouhudumia, upande wa Bulyanhulu, kaya sita za jumuiya moja zilichanga fedha zikanunua punda jike na mkokoteni. Punda huyo alileta maji kutoka lamboni, akapeleka mahindi mashineni, na siku nyingine alikodishwa kubeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara ya wachimbaji wadogo hadi kwenye karasha. Fedha ya kukodisha iligawanywa sawasawa. Utunzaji haukugawanywa kabisa. Mjane mmoja, ambaye nyumba yake iko jirani na zizi, ndiye aliyemnywesha, akamkatia majani, akamwosha vidonda vya mabegani kwa maji ya chumvi. Wengine walimkuta punda ameshashiba, wakamfunga kwenye mkokoteni, wakaondoka.

Mimi ndiye niliyeshauri zamu. Niliona ni dhuluma mwanamke mmoja kubeba kazi ya kaya sita kwa sababu tu moyo wake haukuweza kumwona mnyama ana kiu akanyamaza. Bado naona hivyo. Mwinjilisti akaandika ratiba kwenye karatasi ya daftari: kaya sita, siku sita, na Jumapili kwa mzunguko. Nikarudi nyumbani nimeridhika.

Mwezi wa Septemba, lambo limebaki tope, kijana wa kaya ya Jumatano alisikia kuna dhahabu imeibuka upande wa Geita. Akaondoka usiku bila kuaga. Jumatano ile tulikuwa na mazishi, nami nilipita karibu na zizi mara mbili, asubuhi na alasiri. Punda alikuwa amefungwa juani, kamba imeuzunguka mti hadi ikawa fupi, na ndoo imepinduka. Nilimwona. Nasema hivi wazi kwa sababu kwa muda mrefu nilijiambia kwamba sikumwona. Nilijisemea kwamba leo ni Jumatano, mwenyewe atakuja. Waombolezaji wote walipita njia ileile.

Alhamisi alfajiri alikutwa amelala. Aliponyweshwa aliinuka, lakini alikuwa na mimba, na wiki ileile mimba ikatoka. Mtaalamu wa mifugo hakutaka kuapa kwamba sababu ni kiu. Nilipomuuliza yule mjane kama naye alipita, alinitazama akasema, “Nilipita, Baba Mchungaji. Si uliniambia nipumzike?”

Jibu hilo nimelibeba hadi leo. Nilitaka kuugawa mzigo wa kazi, na bila kujua nikawa nimegawa hata macho. Kabla ya ratiba, mtu mmoja alimwangalia punda siku saba. Baada ya ratiba, kila siku alikuwapo mtu mmoja anayepaswa kumwangalia na watano wenye ruhusa ya kutomwona. Siku yule mmoja alipokosekana, hakubaki mtu.

Sisemi kwamba zamu ni mbaya. Hata hekaluni walihudumu kwa zamu. Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 24, inahesabu 24, na Luka anapomtambulisha Zakaria hutaja kwanza zamu yake, ile ya Abiya. Ila Luka huyohuyo, katika sura ya 10, anatuonyesha kuhani njiani. Makumira, na kwenye mimbari nyingi baadaye, nimesikia ikielezwa kwamba alipita kando akiogopa kutiwa unajisi na maiti. Inawezekana. Lakini msomaji aangalie kwamba kuhani yule alikuwa anashuka, yaani anatoka Yerusalemu. Mimi siku hizi namwona kama mtu aliyemaliza zamu yake, amechoka, anarudi kwake, na dhamiri yake ni safi kabisa. Namfahamu mtu huyo. Alivaa kanzu nyeusi Jumatano ile.

Na Yesu alipolaumiwa kwa kuponya siku ya Sabato, aliwakumbusha wasikilizaji wake kwamba hata siku hiyo kila mmoja wao humfungua ng'ombe wake au punda wake akampeleka kunywa. Hapakuwa na mabishano juu ya hilo. Mungu mwenyewe aliamuru pumziko, na bado kiu ya mnyama haikuahirishwa. Torati inasogea mbele zaidi: punda wa anayekuchukia akilala chini ya mzigo wake, usimwache. Kama ni hivyo kwa punda wa adui, je, punda ambaye sehemu yake ya sita ni yako?

Huku kwetu jambo hili halipaswi kuwa geni. Sungusungu walipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maeneo haya ya Kahama na Shinyanga, mwano ukipigwa kila mwanamume alitoka na silaha yake. Hakuna aliyeuliza ni zamu ya nani kufuata ng'ombe walioibwa. Tatizo ni kwamba punda mwenye shida hapigi mwano. Husimama tu. (Mwaka 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nilifurahi, ingawa punda wetu hakuhitaji mkutano wa Addis Ababa, alihitaji ndoo mbili.)

Hata hivyo pingamizi la yule mjane halijajibika. Nikihubiri kwamba kila aonaye awajibike, ni nani ataona? Yeye, tena yeye, hadi azikwe. Wenye macho mazito watashukuru sana kwa mahubiri hayo.

Kijana aliporudi, mikono mitupu, baraza la wazee lilitaka alipe fidia. Aliinama akakubali kosa la kuondoka bila kuaga, kisha akauliza kwa adabu, “Wazee wangu, na ninyi mliompita?” Msharika mmoja anayefanya kazi mgodini, chini ya ardhi, ndiye aliyevunja ukimya. Alisema kwao mtu wa shifti hapandi juu mpaka amweleze anayeingia hali ya mahali alipoacha. Nikamkumbuka Msamaria. Naye hakukaa na majeruhi siku zote. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akamuuguza usiku ule, kesho yake akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili na ahadi ya kurudi. Aliondoka pia, kama kuhani alivyoondoka. Ila aliacha mtu mkononi mwa mtu.

Fidia ililipwa na kaya zote sita, na mimi nikaongeza ya saba. Ratiba ya karatasi tuliichana. Sasa kuna kamba. Mwenye zamu akimaliza huipeleka jioni nyumbani kwa anayefuata na kumpa mkononi. Asipomkuta, kamba inabaki kwake na siku nayo ni yake. Mjane ana Ijumaa tu, ingawa akipita siku nyingine hutupia jicho ndoo. Jumapili niliiomba mimi. Kamba huletwa Jumamosi jioni, na baada ya ibada huvua kanzu nikaenda lamboni.