Anayefunzwa ni Mzazi
Mtoto aliyelilia peremende dukani akakataliwa mara tisa, na ya kumi akapewa ili anyamaze, amefundishwa nini? Amefundishwa kulia mara kumi. Mzazi naye amefundishwa kushindwa, maana utulivu ndio ujira wake. Mtego huu wa pande mbili aliueleza Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1982. Naye na wenzake waliwafunza wazazi wenyewe kusifu tendo jema papo hapo na kutimiza neno walilolisema. Shida ni kudumu. Ukianza kukataa kweli, kilio huweza kuzidi kwanza, ndipo hupungua. Wengi hukimbia hapo. Kumkataza leo na kumwachia kesho ni kumdhulumu, kisha twamwita mkaidi! Na mama akikataza, bibi akatoa kwa siri, ni nani wa kufunzwa?