Mwacheni Fatuma aitwe Fatuma

Siku hizi tunaambiwa kwamba majina ya bibi zetu yalikosewa. Asha lilikosewa, eti ni Aisha. Hadija lilikosewa, eti ni Khadijah, na ile "h" ya mwisho usiisahau. Nimeyasikia haya muda mrefu na nikanyamaza, kwa sababu mtoto ana wazazi wake na jina ni haki yao kumpa. Lakini wiki hii yamemfikia Fatuma, tena mbele ya Fatuma mwenyewe, na kunyamaza kumenishinda.

Ilikuwa akika, Tanga, nyumbani kwa jamaa zangu. Mbuzi kachinjwa mapema, mtoto kanyolewa, maulidi yamesomwa, pilau inapakuliwa. Shangazi yangu, bibi mzaa baba wa mtoto, alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba cha mzazi, amevaa doti mpya aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Tangu mimba ilipoonekana ilifahamika kwamba akizaliwa wa kike atakuwa wajina wake. Mkwewe akamletea mtoto, akampakatisha, akamwambia, "Mama, wajina wako huyu. Fatimah."

Shangazi akaitikia kwa furaha, "Fatuma wangu."

"Fatimah, mama. Fatuma ni matamshi ya zamani tu, watu walikuwa hawajasoma. Sisi tumelirekebisha."

Binti yule hakuwa na ubaya. Alisema kwa adabu na kwa mapenzi, kama mtu anayemvisha mwenzake nguo safi. Shangazi akamwombea mtoto dua, akamrudisha kwa mama yake, akala kidogo. Jioni tulipobaki wawili akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, mimi nimeitwa kwa makosa umri wote huu?"

Swali hilo ndilo ninalolijibu hapa, na namjibu yeye kwanza.

Hapana, shangazi. Hukuitwa kwa makosa.

Fatima ni jina la Kiarabu, na Waarabu walikuwa nalo kabla ya Uislamu. Limetoka kwenye neno la kumwachisha mtoto ziwa, kile ambacho wazee wetu wanakiita kumlikiza. Kwa mzazi wa leo anayetafuta jina kwenye simu, maana hiyo haipendezi sana. Anataka jina lenye maana ya nuru, lulu, malkia, ua la peponi. Kuachishwa ziwa anaona ni jambo la jikoni. Mimi naona ni maana nzito kuliko hizo zote. Kurani yenyewe, katika Suratul Baqara, inazungumzia kunyonyesha miaka miwili kamili na jinsi wazazi wanavyoshauriana kumwachisha mtoto. Katika zama ambazo watoto wengi walizikwa wakiwa bado wananyonya, kufika siku ya kulikizwa kulikuwa kuvuka hatari. Ukimwita binti yako kwa jina hilo siku ya saba ya maisha yake, unamwombea afike huko. Hivyo ndivyo ninavyolielewa, na dua iliyo kubwa kuliko hiyo kwa mtoto wa siku saba siijui.

Halafu kuna waliolibeba. Mama yake Abdullah, yaani bibi yake Mtume Muhammad mzaa baba, alikuwa Fatima binti Amr. Mama yake Ali alikuwa Fatima binti Asad. Kisha akaja binti wa Mtume na Khadija, aliyeolewa na Ali, akawazaa Hassan na Hussein, akafariki mwaka 632, miezi michache tu baada ya baba yake. Kwa hiyo hata katika nyumba ile binti alikuwa na jina moja na bibi wa baba yake. Wanaotaka kuona mila ya wajina ilivyo na heshima, waanzie hapo.

Na huyu Fatima binti wa Mtume alipendwa na umma kwa namna alivyoishi. Wasomaji wengi wanaijua habari yake ya jiwe la kusagia. Mikono ilimuuma kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi wa kumsaidia. Mtume akawafundisha yeye na mumewe wanapokwenda kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Bibi zetu wengi, waliosaga na kutwanga kwa mikono yao, walilala wakiihesabu tasbihi hiyo vidoleni. Walijua wamepewa jina la nani, wala hawakuhitaji simu kuwaambia.

Ndiyo maana jina limesambaa kiasi hiki. Dola iliyotawala Afrika Kaskazini kuanzia mwaka 909, na iliyoijenga Kairo mwaka 969, ilijiita ya Kifatima kwa kujinasibisha naye. Msikiti wa Qarawiyyin kule Fes, Morocco, ambao ulikuja kuwa chuo mashuhuri, mapokeo yanasema ulianzishwa mwaka 859 na mwanamke aitwaye Fatima al-Fihri. Hata Wakatoliki wa kwetu wanalitaja kila siku wanapomwomba Bikira Maria wa Fatima, kwa sababu mji wa Ureno ambako watoto watatu walisema wamemwona Mama Maria mwaka 1917 una jina hilo, lililobaki tangu Waislamu walipoitawala nchi ile.

Sasa tazama watu walivyolitamka kila lilipofika. Waturuki wanasema Fatma. Wairani wanasema Fatemeh. Wasomali wanasema Faadumo. Mali na Guinea ni Fatoumata, na nyumbani ni Fatou. Sisi ni Fatuma, Fatma, na tukidekeza ni Fatu. Sijasikia mtu akienda Bamako kuwaambia Fatoumata wote kwamba hawajasoma. Kwa nini wa Tanga, Lamu na Unguja waambiwe?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa Kiarabu ni lugha ya makini, ukibadilisha herufi umebadilisha maana, na jina la mtu mtukufu lisichezewe. Hoja ya makini naikubali inapohusu kisomo. Mwalimu wa madrasa ana haki ya kumkazania mtoto makharij mpaka aisome Fatiha sawasawa. Lakini jina la mtu mtaani si aya. Na tukitaka kwenda kwa herufi, twende kweli. Fatima kwa Kiarabu ina ile "t" nzito inayojaza kinywa, ambayo Kiswahili hakina. Mkwe wa shangazi yangu anasema "Fatimah" kwa "t" ileile ya tatu na tano. Hajakifikia Kiarabu hata kidogo. Alichoongeza ni "h" ya maandishi ya Kizungu, ambayo hata yeye akimwita mtoto haisikiki. Zaidi ya hayo, Waarabu wenyewe wanapomdekeza Fatima wao nyumbani humwita Fattuma. Sauti ile ya "u" inayoonekana kwetu kuwa kosa la washamba, mama wa Kiarabu anaitumia kwa mtoto anayempenda.

Kinachoniuma zaidi ni lile neno, "walikuwa hawajasoma". Pwani hii imeandika kwa herufi za Kiarabu karne na karne. Washairi wetu walimtaja Fatuma katika tendi, na walikuwa watu waliokijua Kiarabu kuliko sisi. Mwishoni mwa karne ya 17, Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipozingirwa na Waomani, Unguja ilikuwa chini ya Malkia Fatuma. Na mwimbaji tuliyemzika Aprili 2013, ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alikuwa Fatuma binti Baraka. Nani atathubutu kwenda kaburini kwake kumrekebisha?

Ataibuka mwingine aniambie kwamba majina hubadilika, na wakati mwingine ni vema yabadilike. Kweli. Mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, wazazi walimwita Mtumwa. Kubadilishwa kwake kuwa Siti kulimtoa katika jina la unyonge kukampa heshima ya bibi mkubwa, na nashukuru kwamba lilibadilishwa. Fatuma halina unyonge wa kutolewa. Anayelibadilisha analitwisha unyonge ambao halikuwa nao. Wafaransa waliwahi kufanya jambo baya zaidi kule Algeria: walilichukua jina Fatma wakaligeuza kuwa neno la kumwitia mtumishi yeyote wa ndani mwenyeji, awe na jina lake au asiwe nalo. Jina la binti wa Mtume likawa la kuagizia maji na ufagio. Walioteremsha jina lile walikuwa wageni wenye bunduki. Sisi hakuna anayetulazimisha.

Kuna upande wa karatasi pia. Wanawake wengi wa umri wa shangazi yangu wana cheti kimoja kinachosema Fatuma, kingine Fatma, na kitambulisho kinachosema Fatima, kwa sababu kila karani aliandika alivyoona inafaa. Siku ya kudai mirathi au mafao wanaambiwa hao ni watu watatu, wakatafute hati ya kiapo. Nimemsindikiza mmoja wao, tukazungushwa dirisha hadi dirisha, bibi wa watu amesimama na fimbo yake. Tunapoongeza namna ya nne ya kuandika tunawaandalia wajukuu foleni ileile.

Labda nadai mengi. Labda wazazi wanaotaka Fatimah wana sababu zao, na mtoto atakua alipende hivyo. Kama unamwita kwa kumkumbuka binti wa Mtume peke yake, liandike utakavyo, sina neno. Lakini ukisema hadharani kwamba umempa jina la bibi yake, basi mpe lile ambalo bibi huyo aliitwa na mama yake, aliolewa nalo na kuombewa dua nalo. Wajina ni mtu, na mtu huyo bado yupo mkekani anasikia.

Na walimu wa madrasa na wa shule, ninyi ndio mnaoliandika jina hilo daftarini na kuliita kila asubuhi. Mtoto akija akasema anaitwa Fatuma, andikeni Fatuma. Msimuulize mara ya pili.