Kwa Nini Yeye?

Kwenye matanga ya mdogo wangu mzee mmoja aliniuliza, "Kwa nini yeye, mwanangu?" Ndugu wawili, tumbo moja, chungu kimoja, saratani ikamchukua yeye, mimi ikaniacha. Sikuwa na jibu. Wengine walikuwa wamekwisha kunong'ona jina la jirani.

Swali hilo limenipeleka mbali, hata kwenye atomi. Chukua atomi mbili za radiamu, zilizofanana kabisa. Moja yaweza kupasuka leo, nyingine ikakaa miaka 10,000. Wataalamu wanajua kwamba katika miaka kama 1,600 nusu ya fungu zima itakuwa imegeuka. Ila ipi itatangulia, hakuna awezaye kusema.

Je, sababu imejificha, au haipo kabisa? Einstein, katika barua yake kwa Max Born ya mwaka 1926, alikataa kwamba Mungu anacheza dadu. Mwaka 1964 John Bell alionyesha jinsi ya kulipima jambo hili. Kama kila chembe hubeba maagizo yake ya siri, na hakuna athari ipitayo mwanga kwa kasi, basi chembe pacha zilizotenganishwa haziwezi kuafikiana kupita kiasi fulani. Alain Aspect na wenzake walipima huko Ufaransa, wakatoa matokeo mashuhuri mwaka 1982. Wengine wakapima kwa uangalifu zaidi huko Delft, Uholanzi, mwaka 2015. Kiasi kile kilivukwa.

Hata hivyo shauri halijakwisha. David Bohm alikwisha kuonyesha mwaka 1952 kwamba sababu ya siri yaweza kuwapo, mradi tukubali kwamba vitu vilivyo mbali huathiriana papo hapo. Lakini hata kwa Bohm, sababu hiyo hatuwezi kuijua mapema.

Sisemi, msomaji, kwamba maradhi ya mdogo wangu ni sawa na atomi ya radiamu. Nasema hivi: ikiwa watu waliopima kwa miongo mingi bado hawathubutu kuitaja sababu ya chembe moja, sisi tuliokaa mkekani usiku mmoja tulipata wapi ujasiri wa kumtaja mtu? Kukosa jibu si ushahidi.

Siku ya arobaini nilimketisha yule jirani kando yangu, tukala sinia moja. Mzee aliponitazama nilimwambia, "Sijui, baba." Lilikuwa jibu dogo, lakini halikumdhulumu mtu.