Njia Ni Mali ya Nani?

Msomaji, jambo ninalotaka tulifikiri pamoja laonekana dogo kwa sababu liko chini ya miguu yetu kila siku. Ni njia ya miguu. Siisemi barabara ya lami itokayo Rongo kwenda Homa Bay, ambayo serikali iliijenga na kila mtu ajua ni ya nani. Naisema ile njia nyembamba ipitayo kati ya mashamba, ikazunguka kichuguu, ikavuka kijito penye mawe, kisha ikapanda kilima na kutokea sokoni au shuleni. Haina kibao wala jina, na hakuna fundi aliyeipima. Miguu ya watu ndiyo iliyoitengeneza, na miguu ya watu ndiyo inayoitunza, maana njia isiyopitwa humezwa na majani kwa msimu mmoja wa mvua. Je, njia kama hiyo ikiwa yapita katika shamba la mtu mwenye hati, mtu huyo ana haki ya kuifunga?

Wengi watajibu upesi, huku ama huku. Mimi naomba kwanza utembee. Swali la njia haliamuliwi vizuri na mtu aliyeketi, na njia fupi haikuonyeshi mengi; yataka mwendo mrefu. Chukua mwendo wa kutoka Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, hadi mjini Homa Bay. Si mwendo wa asubuhi moja. Utaanzia penye kuta za mawe ambazo wazee wa zamani walizijenga bila udongo wala saruji, yamkini tangu karne ya 16, jiwe juu ya jiwe, mahali pengine kimo cha mita 4. Mwaka 2018 kuta hizo ziliandikwa katika Urithi wa Dunia. Jina lenyewe, kwa Kijaluo, lataja msitu mnene wa kutisha. Na ingawa msitu ule umepungua, bado utapita vichakani na chini ya miti kabla hujatoka kwenye uwazi. Ukielekea kaskazini utafika bonde la Lambwe, mbuga ya majani marefu na migunga, milima ya Gwassi ikiwa mkono wa kushoto. Upepo huyalaza majani yale kama maji ya ziwa. Mtu aliyezoea kupita nchi hii ndani ya matatu huiona kama kitambaa kinachovutwa upesi dirishani. Mtembeaji huihesabu nyumba kwa nyumba, mti kwa mti.

Tena huhesabu vizuizi. Hapa waya, pale ua wa mnyaa, mbele kidogo miba iliyorundikwa mahali ambapo jana palikuwa na mlango. Methali yasema penye nia pana njia. Lakini katika mwendo huu utaona mara nyingi kwamba penye njia pana mtu mwenye nia ya kuifunga.

Si kila kizuizi ni dhuluma. Katika bonde hilo hilo la Lambwe iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, eneo la kilomita za mraba 120. Ilitengwa mwaka 1966 iwe hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikapewa jina na cheo ilichonacho leo. Ndimo aishimo korongo, yule swala mkubwa mwenye masikio marefu, ambaye mahali pengine pote katika Kenya ametoweka. Bonde lilikuwa pia na mbung'o waenezao malale, ambao walikuwa wamewafukuza watu wengi kabla ya serikali kusema neno. Mpita njia afikapo mpakani hapo hana budi kuzunguka. Atachoka, na pengine atanung'unika. Lakini akiuliza sababu ataambiwa, na ataielewa: mnyama huyu akipotea hapa amepotea nchi nzima, na nyati aliye majanini hasikii maelezo ya mpita njia.

Hapo nimepata kipimo ninachokipenda, nawe kikague kama chafaa. Nauliza hivi: Mwenye kufunga njia, je, anayo sababu anayoweza kuisema mbele ya uso wa yule anayezungushwa? Siyo mbele ya wakili, wala mbele ya rafiki zake. Mbele ya mama mwenye ndoo ya maji kichwani, mbele ya mtoto wa darasa la pili anayewahi kengele, mbele ya watu wanne waliobeba mgonjwa kwa kitanda usiku, mvua ikinyesha. Hao ndio wapitao njia za miguu. Mwenye kufunga, mara nyingi, hupita kwa pikipiki barabarani, na kwa hiyo hasara ya kuzunguka haimfikii.

Lakini tusimdhulumu mwenye shamba kwa maneno matamu. Karibu na shule moja niliyofundisha, mzee mmoja aliifunga njia ambayo wanafunzi waliipita miaka mingi. Walimu tulikwenda kumwona. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti kivulini, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe mshahara wako huupata mwisho wa mwezi. Mshahara wangu mimi ni haya mahindi. Hao watoto wako wakipita wawili wawili hawanidhuru. Lakini hupita watano sambamba, nyuma yao ng'ombe wa jirani, na nyuma ya ng'ombe mkokoteni. Njia niliyoirithi kwa baba ilikuwa nyembamba. Sasa imekuwa uwanja." Alitupeleka tukaona. Alisema kweli: mistari minne ya mahindi ilikuwa imelala chini.

Basi sababu ya mzee yule ilikuwa sababu inayoweza kusemwa mbele ya watu, na aliisema. Hapo swali lageuka. Halibaki tena kuwa nani ana haki na nani hana, maana wote wawili wanayo. Mzee ana haki ya jasho lake. Watoto wana haki ya kufika. Ni nani atakayelipa gharama ya kuziweka haki mbili katika ardhi moja?

Wenzetu wa mbali wamewahi kukutana na swali hili. Katika jimbo la Missouri, Marekani, ilikuwako reli iliyofuata ukingo wa mto Missouri. Mwaka 1986 mafuriko yaliiharibu, na treni hazikurudi. Sheria iliyotungwa mwaka 1983 iliruhusu tuta la reli ya namna hiyo lisigawanywe vipande vipande, bali litunzwe lote liwe njia ya wenda kwa miguu na wenye baiskeli, mpaka siku reli itakapohitajiwa tena, kama itahitajiwa. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1990. Leo njia hiyo, iitwayo Katy Trail, ina urefu wa kilomita 386 hivi, mahali pengine chini ya majabali na miti ya kando ya mto, na upande wa magharibi katika nyanda za majani. Na kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, mtembeaji amerithi mteremko mpole ambao magoti yake huushukuru. Lakini katika majimbo kadhaa ya nchi ile wenye mashamba ya kando walilalamika: tuta lilipita katika ardhi yao kwa ajili ya treni, na treni zikiisha ardhi yafaa irudi kwao. Kesi moja kutoka Vermont ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1990 majaji wakaamua kwamba sheria ni halali, ila mwenye ardhi aliyepokonywa haki yake aweza kuidai serikali fidia. Hawakumwambia mwenye shamba kuwa ni mchoyo, wala hawakumwambia mtembeaji kuwa ni mvamizi. Waliuelekeza mzigo kwenye mfuko wa umma.

Afrika Mashariki nayo imepata kuona reli ikifa. Ile ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Mpango ulivunjika mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962, vyuma vyake vikang'olewa. Migori na Homa Bay hazikupata reli kabisa. Ile ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na upande huu wa ghuba watu wakaendelea kwa mashua na kwa miguu. Kwa hiyo njia zetu za kale hazina tuta la kudai wala kampuni ya kushtaki. Zina nyayo tu. Hata hivyo sheria haikuzisahau: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba haki ya kupita iliyokuwako wakati ardhi ilipoandikishwa mara ya kwanza chini ya sheria hiyo yaendelea kuwako, hata kama haikuandikwa katika daftari. Kwa maneno mengine, hati si lazima iwe imetaja kila kilichomo shambani. Lakini nani, kwa ajili ya njia ya kwenda kisimani, atauza ng'ombe amlipe wakili? Na mfuko wa umma wa kumlipa mzee mistari yake minne ya mahindi uko wapi?

Katika shauri letu gharama ililipwa kwa mikono. Mzee alikubali njia ihamishwe kutoka katikati ya shamba hadi mpakani. Wazazi walikata miche ya mnyaa na kuipanda pande zote mbili, upana wa hatua mbili, ili mkokoteni usiingie na ng'ombe asishawishike. Wanafunzi walifundishwa kutembea mmoja nyuma ya mwingine, jambo ambalo, naungama, ni gumu kuliko hesabu za sehemu. Mtu aliyefungiwa njia huona haraka kosa la mwenye shamba. Kosa la miguu yake mwenyewe huliona baadaye, au asilione. Njia hupanuliwa na watu wanaokwepa tope, kila mmoja hatua moja tu, wala hakuna hata mmoja aliyekusudia kumwibia mtu.

Niliporudi huko baada ya miaka miwili mnyaa ulikuwa umepita kimo cha mtoto, na ardhi katikati yake ilikuwa ngumu na nyeupe kwa kukanyagwa. Mzee alikuwa amepanda mahindi hadi kwenye ua, bila kupoteza hata shina moja. Ila bibi mmoja wa jirani, ambaye miguu yake imechoka, alinisimamisha akanionyesha kwa fimbo mahali ilipopita njia ya zamani. Hatua za kuzunguka, alisema, vijana hawazijui. Yeye huzijua zote. Njia mpya hakuwa ameipa jina jingine ila "ile ya mbali."