Ruzuku kwa Shule za Dini na Haki ya Asiyeamini

Wazazi Wakatoliki wengi hunena hivi: twalipa kodi kama wengine, na kodi hiyo yaendesha shule za Serikali, ambazo tangu mwaka 2016 hazitozi ada mpaka Kidato cha Nne. Tukimpeleka mtoto katika shule ya Kanisa, twalipa mara ya pili. Je, si haki Serikali itupe ruzuku?

Neno hilo si la choyo. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba misaada ya umma yapasa kugawanywa kwa haki, ili wazazi wawe huru kweli kuchagua shule kufuatana na dhamiri zao. Lakini Mtaguso haukusema wazazi Wakatoliki tu. Jirani yetu asiye na dini yoyote naye ni mzazi. Ana dhamiri, na senti yake imo katika hazina ile ile.

Nchi yetu imekwisha kulionja jambo hili. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilizipa ruzuku shule za misioni zilizotimiza masharti yake, na kodi ya nyumba na ya kichwa ililipwa na Mwislamu, na Mkristo, na yule aliyeshika mila za babu zake. Kazi ya wamisionari ilikuwa kubwa, wala hatukubali isahauliwe. Walakini mahali ambapo shule ya misioni ilikuwa ya pekee, baba asiye Mkristo alikuwa na njia mbili: mtoto asome chini ya msalaba, ama abaki akichunga mbuzi. Kusema kwamba baba huyo alichagua ni kulitumia neno hilo vibaya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitia shule zile mkononi mwa Serikali, waumini waliona uchungu, maana wengi walikuwa wamezijenga kwa jasho lao. Uchungu wao ulikuwa na sababu. Na uchungu wa baba yule ulikuwa na sababu pia, nao ulitangulia.

Mwalimu Nyerere, aliyefundisha katika shule yetu ya Pugu hata mwaka 1955, alikuwa mwana wa mtemi asiye Mkristo. Alisoma Mwisenge, kisha Tabora katika shule ya Serikali, akabatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima, kwa hiari yake. Baba yake hakudaiwa imani ya mwanawe kuwa bei ya masomo.

Wengine watatutajia hospitali. Huko Bugando, Mwanza, hospitali ni mali ya Maaskofu, Serikali husaidia mishahara, na mgonjwa haulizwi anasali wapi. Ni kweli, na ni mfano mzuri, ila haufiki mbali. Homa haina dini. Somo laweza kuwa nayo. Daktari hamwachii mgonjwa fikira juu ya Mungu, lakini mwalimu humwachia mtoto, hata asipokusudia.

Kwa hiyo twaona kwamba shule ya Kanisa yaweza kuomba ruzuku kwa haki, iwapo fedha hizo zitalipia hesabu, lugha na sayansi, na katekisimu ikalipiwa na waumini. Mtoto wa asiyeamini apokewe kwa alama zile zile, na kipindi cha dini kikifika awe na kazi nyingine ya maana, si kusimamishwa nje chini ya mwembe kama mkosaji. Tena ruzuku ya namna hiyo isitolewe mahali ambapo shule ya Serikali haipo, mpaka itakapokuwapo. Vinginevyo twarudia habari ya yule baba. Na mzazi Mkatoliki maskini akishindwa ada, aitazame kwanza parokia yake, kabla ya kumtazama jirani asiyesali.

Shule itakayoona masharti haya ni mazito, kwa kuwa yataka kuwa ya Wakatoliki watupu, ina ruhusa kamili kuwa hivyo, kwa ada na sadaka zetu wenyewe.