Ua wa Miti na Ua la Waridi

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Ua ni boma la miti lizungukalo nyumba, na ua ni pambo la mmea, kama lile la waridi au la yasmini. Ule wa kwanza huzuia watu, lile la pili huwaita. Leo twataka kuuliza swali liyagusalo yote mawili: Je, ni haki mtu akaaye ugenini kukusanyika na watu wa kwao, wakajizungushia ua, na humo ndani wakapanda maua yao na kustarehe peke yao?

Tutwae mfano ulio karibu nasi. Wazungu waliokuja Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni hawakukawia kujenga klabu zao. Ile ya Muthaiga, Nairobi, ilifunguliwa tarehe 31 Desemba 1913. Katika klabu za namna hiyo walicheza tenisi na karata, walisoma magazeti yaliyoletwa kwa meli, wakanywa chai jioni na kupashana habari za kwao. Tena walifanya bustani, na mapenzi yao kwa kazi hiyo hayakuwa haba. Mwaka 1934 kilitolewa kitabu kizima, Gardening in East Africa, chini ya uhariri wa A. J. Jex-Blake, ili kuwaelekeza namna ya kutunza bustani katika nchi hizi za masika na vuli. Yalifanyika na maonyesho ya maua, yakiwa na waamuzi na tuzo.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Upweke ni ugonjwa, na aliye mbali na kwao hutafuta dawa. Nani kati yetu aliyehamia mji mgeni asitafute kwanza watu wa lugha yake? Watoto wetu walioko Uingereza na Marekani nao wana vyama vyao. Hukutana, hupika pilau, huchangiana penye msiba. Katika miji kadhaa ya Marekani wakimbizi waliotoka Burundi na Kongo wamepata viwanja vidogo vya kulima, nao wamepanda mchicha na maharagwe kama walivyozoea kwao. Apandaye mbegu ya kwao katika udongo wa ugenini hatendi kosa. Atafuta faraja, na faraja hiyo ni halali.

Kosa basi liko wapi? Liko katika ua usio na mlango. Klabu nyingi za wakati ule hazikumpokea Mwafrika ila awe mtumishi. Aliingia na sinia au na jembe, na kazi ikiisha alitoka. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, mgeni akikaa sana na awe mtu wa nyumbani, aonje jasho la wenyeji wake. Lakini hapa mambo yalipinduka: mgeni aliketi, na mwenyeji ndiye aliyepewa jembe. Watu waliipenda ardhi ya nchi, wakayapenda mawio yake na mvua zake, wakajua tabia ya kila mche, lakini hawakumjua mtu aliyeumwagilia maji.

Nayo mimea yenyewe yatushuhudia kwamba ua wa namna hii ni udanganyifu. Mjakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini. Leo ukichanua Nairobi au Arusha, hakuna mtoto anayeuita mgeni. Udongo haukuuliza umetoka wapi. Na kutoka kwetu, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani upande wa Tanga, alipeleka Ulaya mbegu za ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, na leo hupamba madirisha ya watu wengi wasioijua Tanga. Lakini yako na mengine. Gugu maji lilitoka pia Amerika ya Kusini, likachukuliwa nchi hata nchi kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 likaziba bandari na kuzuia mitumbwi ya wavuvi. Kilichopendwa kwa kupamba kidimbwi cha mtu mmoja kikawa njaa ya nyumba nyingi. Basi, mema hayakai ndani ya ua, wala mabaya hayakai.

Asiwepo asemaye kwamba habari hizi zimekwisha pamoja na ukoloni. Siku moja nilialikwa chai katika klabu ambayo sitaitaja. Wanachama walikuwa wa rangi zote, na wengi ni watu wetu wenyewe wenye uwezo wa kulipa ada. Bustani ilikuwa nzuri ajabu. Nikamwendea mzee aliyekuwa akipogoa mawaridi, nikamsifu kwa kazi yake. Akaniambia, “Baba, maua haya nimeyalea miaka thelathini. Lakini sijapata kuyatazama nikiwa nimeketi.” Nikageuka nikaona viti chini ya miti. Vilikuwa vingi, na karibu vyote vitupu.

Neno lake halijaniacha. Ua wa rangi umeng'olewa, nasi tumepanda ua wa fedha mahali pale pale. Wala haulindwi na klabu peke yake. Ni nyumba ngapi za mjini, nyumba zetu hizi hizi, ambamo kijana atunzaye bustani hana jina ila “kijana”, naye hula chakula chake amesimama nyuma ya jiko?

Jibu letu basi ni hili. Mgeni ana haki ya kukutana na wenzake, na mwenye nyumba ana haki ya ua wake. Lakini starehe iliyo safi ni ile isiyomwonea haya yule aliyeitengeneza kwa mikono yake. Na tujiulize maswali matatu: Ni nani anayelima hapa? Ni nani anayekaribishwa? Na kitokacho humu kumfikia jirani ni baraka au ni gugu? Asiyeweza kuyajibu bila kuinamisha uso, na aanze na jambo dogo. Amwulize mtunza bustani wake jina lake na la watoto wake. Kisha jioni, kazi ikiisha, atoe kiti, amwambie aketi, wayatazame maua pamoja.