Dhana na Yakini katika Shabaha ya Gobore

Swali la kiasi cha ujuzi ambacho mtu anapaswa kuwa nacho kabla ya kutenda jambo lisiloweza kutenduliwa limewashughulisha wanafalsafa na mafakihi kwa karne nyingi, lakini ni mara chache swali hilo hujitokeza kwa uwazi kama linavyojitokeza pale mwindaji anapomwelekezea gobore mnyama aliye mbali. Gobore, yaani bunduki inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu kwa kumimina baruti, kutia risasi na kuishindilia kwa mdeki, hutoa risasi moja tu, na kuijaza upya huchukua muda ambao mnyama aliyejeruhiwa hamsubiri mtu. Kwa hiyo kukadiria jinsi risasi itakavyoshuka njiani, jambo ambalo kwa mpiga shabaha ya karatasi ni zoezi la hesabu tu, kwa mwindaji huwa ni suala la dhamiri: je, dhana inatosha, au yatakiwa yakini?

Kwanza ifahamike kwamba hakuna risasi inayokwenda moja kwa moja. Mwitaliano Niccolò Tartaglia, ambaye kitabu chake cha mwaka 1537 kilikuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa kuichunguza mizinga kwa hesabu, alifikia baadaye hitimisho kwamba hakuna sehemu ya njia ya risasi iliyonyooka kabisa, kwa kuwa uzito wake huivuta chini tangu inapotoka mtutuni. Inafaa kutajwa pia kwamba Tartaglia alieleza jinsi alivyoona haya kuendeleza elimu ya kuulia watu hata akaziteketeza karatasi zake, kisha akarudi kuandika pale tishio la jeshi la Waturuki lilipokaribia. Galileo alionyesha mwaka 1638 kwamba kitu kinachorushwa mahali pasipo na hewa huchora mkunjo uitwao parabola, na Mwingereza Benjamin Robins, katika kitabu chake cha mwaka 1742, akathibitisha kwa majaribio ya pendulamu kwamba hewa huizuia risasi ya kasi kwa nguvu inayouzidi mara nyingi uzito wa risasi yenyewe. Risasi ya duara ya gobore huumizwa zaidi na kizuizi hicho, kwani umbo lake halipasui hewa vizuri, nayo hupoteza sehemu kubwa ya kasi yake ndani ya mita 100 za kwanza.

Hesabu ya mfano itaonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme risasi ya duara inakwenda kwa wastani wa mita 400 kwa sekunde katika mita 100 za kwanza, na mita 285 kwa sekunde katika mita 100 zinazofuata. Itafika mita 100 baada ya robo sekunde, ikiwa imeshuka takriban sentimita 31 chini ya mstari wa mtutu, na itafika mita 200 baada ya sekunde 0.6, ikiwa imeshuka karibu sentimita 177, kwa sababu umbali wa kuanguka hukua kwa mraba wa muda na si kwa ulingano na mita zilizopitwa. Bunduki iliyorekebishwa ipige sawasawa kwenye mita 100 itapiga zaidi ya mita moja chini ya shabaha kwenye mita 200, nalo hilo mwindaji aweza kulisahihisha kwa kulenga juu, ilimradi ajue kwa hakika kwamba mnyama yuko mita 200. Iwapo mnyama yuko mita 180 naye akadhani ni 200, risasi itapita zaidi ya sentimita 20 juu ya pale alipokusudia. Kwa kulungu wa mkia mweupe wa Marekani Kaskazini, eneo la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 20 hadi 25 hivi. Kosa la mita 20, ambalo jicho la binadamu hulifanya kwa wepesi katika uwanda wenye nyasi au mteremko wa bonde, latosha kuipeleka risasi mgongoni, au juu yake kabisa.

Kipimamasafa cha leza huondoa kosa hilo la umbali, lakini hakiondoi mengine. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, hunyonya unyevu, na huacha masizi mtutuni yanayobadilisha mgandamizo wa risasi inayofuata; gobore la gumegume, ambalo cheche zake hutoka kwenye jiwe linalogonga chuma, huweka mwanya mdogo kati ya kuvuta kifyatulio na kulipuka kwa baruti, na katika mwanya huo mkono hutikisika na mnyama hupiga hatua. Gobore lijulikanalo katika vijiji vya Tanzania, ambalo aghalabu halina michirizi ya kuizungusha risasi ndani ya mtutu, ni silaha ya karibu, hivyo tatizo hili halijitokezi sana huko. Linajitokeza Marekani, ambako majimbo mengi yametenga misimu maalumu ya kuwinda kwa magobore, na ambako tangu miaka ya 1980 yametengenezwa magobore ya kisasa yanayowatia watu tamaa ya kupiga mbali zaidi.

William Kingdon Clifford, mwanahisabati Mwingereza, alitoa mwaka 1877 hoja inayolingana barabara na hali hii. Alimfikiria mwenye meli anayejua kwamba chombo chake ni kikuukuu, lakini akajishawishi mwenyewe kwamba kitafika salama, akakiruhusu kusafiri na abiria. Clifford alisema mtu huyo ana hatia hata kama meli itafika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini. Mwindaji anayekisia umbali kisha akamwangusha mnyama kwa bahati yuko mahali hapohapo, naye ni hatari kuliko aliyekosa, kwa kuwa atakwenda kuisimulia shabaha yake kana kwamba ni ustadi. Thomas Nagel na Bernard Williams walihoji mwaka 1976 kama kweli bahati inaweza kutengwa na hukumu ya kimaadili, na hoja yao ni nzito katika mambo mengi. Lakini hapa haimwokoi mpigaji, maana jambo linalohukumiwa ni uamuzi uliofanywa kabla ya kifyatulio kuvutwa, na wakati huo bahati ilikuwa bado haijasema neno.

Fikihi ya Kiislamu ililitazama suala hili kwa upande mwingine. Katika hadithi ya Adi bin Hatim kuhusu uwindaji, mnyama aliyepigwa mshale kisha akakutwa amezama majini haliwi, kwa kuwa haijulikani kama kilichomuua ni mshale au ni maji. Shaka juu ya sababu ya kifo yatosha kuondoa uhalali. Hadithi nyingine mashuhuri inaamrisha ihsani, yaani kutenda kwa wema na ukamilifu, hata katika kuchinja, ili mnyama asiteswe. Magobore yalipoenea, mafakihi walilazimika kuamua kama risasi huua kwa kupenya, kama mshale, au kwa kuponda, kama rungu. Al-Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliona kwamba inapenya na akaruhusu. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliona kwamba inaua kwa uzito na mwunguzo, akakataa. Tofauti yao yafaa kuzingatiwa na anayepiga mbali, kwa sababu risasi ya duara iliyochoka haipenyi kama ile ya karibu: kadiri masafa yanavyozidi, ndivyo inavyojongea kwenye sifa aliyoikataa Ibn Abidin.

Katika Kanisa Katoliki, mjadala ulioanzishwa na Bartolomé de Medina mwaka 1577 juu ya uhalali wa kufuata rai yenye uwezekano tu, hata kama rai iliyo kinyume ina uwezekano mkubwa zaidi, uliishia kuwekewa mipaka, na mfano uliotumika sana ni wa mwindaji asiyejua kama kinachotikisika kichakani ni mnyama au mtu. Mwindaji huyo haruhusiwi kufuata uwezekano. Mnyama hana hadhi ya mtu katika mafundisho hayo, lakini kanuni iliyo ndani yake, kwamba shaka juu ya ukweli wa jambo lenyewe haiondolewi na rai ya mwenye kutenda, haibadiliki kwa kubadilika kwa shabaha.

Liko pingamizi moja linalostahili jibu. Mwanafalsafa Mhispania José Ortega y Gasset, katika andiko lake la mwaka 1942 juu ya uwindaji, alieleza kwamba binadamu, kadiri silaha zake zilivyokuwa bora, ndivyo alivyojiwekea vizuizi ili mnyama abakiwe na nafasi. Wanaochagua gobore badala ya bunduki ya kisasa hujitetea kwa hoja hiyo, na jimbo la Colorado huilinda kisheria kwa kukataza darubini kwenye magobore katika msimu wake maalumu. Lakini nafasi anayodaiwa mnyama ni nafasi ya kusikia, kunusa na kukimbia, wala si nafasi ya kuvunjwa taya na kufa siku tatu baadaye. Anayechukua silaha dhaifu kisha akaitumia kwa masafa ya silaha kali ameondoa kizuizi alichojiwekea mwenyewe, na gharama ameihamishia kwa mnyama. Sheria ya Colorado hudhibiti kifaa, haitaji mita, kwa hiyo mita zimebaki mikononi mwa mpigaji. Na mwindaji wa risasi ya duara ambaye hajaijaribu baruti yake mwenyewe kwenye mita 200 hana haki ya kufyatua kwenye mita hizo, hata kama kulungu amesimama ubavu wazi na msimu unafungwa jioni hiyo.